Cheo cha Aliyelazwa

Ipo siku moja naikumbuka sana, mwanangu, na wewe ndiye uliyeniamshia kumbukumbu yake. Umeniambia laoban, yule bosi wa jengo la maduka pale Tianxiu, anataka kukupa duka la mwenzako Zuhura, kwa kuwa Zuhura amelazwa na haijulikani atatoka lini. Ukaniuliza, "Ami, nilichukue?" Una haraka, najua. Tulia kwanza.

Nilikuwa kijana wa Tanga, ofisa wa pili kwenye meli ya mizigo. Tulifunga gati hapa hapa Guangzhou, bandari ya Huangpu, nikashikwa na homa ya matumbo, nikalazwa. Kapteni akaja kuniona pamoja na Hamadi, ofisa wa tatu, rafiki yangu wa damu. Meli ilikuwa inaondoka kesho yake. Nilikuwa nimefumba macho, wakadhani sisikii.

Kapteni wetu alipenda mambo ya kale. Akaanza kumsimulia Hamadi habari za ofisa mmoja wa manowari za Kiingereza, zamani hizo za matanga, aliyewahi kufika mpaka kwenye mto huu wa Guangzhou. Aliingia melini akiwa mtoto, akawa anapanda cheo kila wa juu yake anapokufa, kwa vita au kwa maradhi. Wallahi, maofisa wale walikuwa wakiinua glasi kuombea vita vikali na msimu wa magonjwa, ili nafasi za juu ziachwe wazi! Mwisho akawa admirali.

"Basi na wewe chukua nafasi ya Sefu," Kapteni akamwambia; Sefu ndiye mimi. "Bahari ndivyo ilivyo."

Hamadi hakusita. "Kazi yake nitaifanya, Kapteni. Cheo ni chake, akipona atakikuta. Na huyo admirali wako, siku aliyopandishwa, nani alikuwa amebaki wa kumpa hongera?"

Mimi machozi yakanitiririka mpaka masikioni.

Nilipona, nikaifuata meli, na cheo changu nikakikuta. Hamadi ameshatangulia mbele ya haki. Namlilia mpaka leo, mwanangu. Nikipeleka mizigo Huangpu, mara nyingine nageuka nimwambie jambo, kumbe niko peke yangu.

Basi duka usilichukue. Lifungue kila asubuhi, uza vitu vyake kwa niaba yake, na kila mteja mwambie hili ni la Zuhura. Leo hii nenda hospitali ukamwambie mwenyewe kuwa unamshikia tu, asije akasikia kwa watu. Mungu akujaalie, siku utakayolazwa wewe, asikosekane mtu wa kulitaja jina lako.