Dakika Mbili za Ukuta

Kanda ya harusi yangu ina dosari, na mwenye dosari hiyo ni binamu yangu Mishi. Wanawake wanacheza vugo, ngoma yetu ya harusi, uani, pembe zinagongwa, vigelegele vimepamba moto, halafu ghafla unaona ukuta. Ukuta mtupu wa chokaa wenye doa la masizi, dakika mbili nzima. Ngoma unaisikia kwa mbali, na karibu na mashine ya video mtu anatwanga kitu: pu, pu, pu. Kisha wachezaji wanarudi na mambo yanaendelea. Kila mgeni aliyekuja kwangu kuitazama kanda ile aliniuliza, "Tumu, na huu ukuta nao ulialikwa?" Nami kila nilipomwona Mishi nilimkumbusha aibu aliyonitia, naye alinijibu neno moja miaka yote miwili.

"Nilisahau kuzima."

Harusi ilikuwa mwaka 1986. Mishi ndiye mwanamke pekee tuliyemjua Malindi nzima aliyekuwa na mashine ya kupigia video. Kaka yake Seif alikuja nayo likizo kutoka Maskati, akamwachia, akarudi zake kazini bila kumwambia aifanyie nini. Kazi ikajileta yenyewe. Mwanamume hawezi kuingia penye ngoma ya wanawake, na wanawake wakishavua mabuibui yao hawataki sura zao zizagae mjini. Kwa Mishi walikuwa na amani, kwa sharti moja: ngoma ikiisha, kanda inatoka kwenye mashine na kuingia mkononi mwa wenye harusi. Yeye habaki na kitu.

Alibaki na alichokiona, na kuona ndiko alikojaliwa. Maneno hayakai kichwani mwake. Tangu tukiwa wadogo, ukimtuma dukani vitu vitatu anarudi na viwili, lakini atakueleza kwamba muuza duka leo kafunga vifungo vya shati kombokombo na kwamba paka wa pale ana jicho moja jekundu. Kumsikiliza Mishi akisimulia jambo ni adhabu. Mimi ni mpiga taipu katika ofisi ya wakili, nimezoea jambo lenye mwanzo na mwisho, na nilikuwa nikimkata kauli kila mara.

Kanda yangu ilipokewa na mama wa kambo, kwa kuwa mama yangu hakuja. Mama yangu ni Bi Mwanabibi. Baba alimwacha nikiwa na miaka kumi na saba, naye mama akarudi kwao Mambrui, na siku anaondoka aliapa mbele za majirani kwamba nyumba ya Abdillahi haingii tena. Abdillahi ni baba, na harusi ilifanywa kwake, Shella ya hapa Malindi. Nilidhani siku moja tu, siku ya mwanawe, kiapo kingemtoka. Nilipambwa, nikatolewa nje, nikakaa mbele ya watu mia na zaidi nikimtafuta kwa pembe ya jicho, maana bibi harusi hageuzi shingo. Sikumwona. Tangu hapo nikawa nampelekea salamu na sukari kila Idi, mimi mwenyewe siendi. Niliumia sana, na sioni haya kulisema.

Basi mwaka 1988 shirika moja la Nairobi likatangaza kwamba latafuta hadithi za filamu fupi. Atakayeshinda, hadithi yake ingepigwa picha, na mwenyewe angesomeshwa kazi ile mwaka mzima. Watu wa pwani waliitiwa semina ya siku mbili mjini Kilifi, na Mishi akaenda. Mwalimu wao alikuwa Bwana Gerishom, mtu wa Tezo, aliyezunguka miaka mingi na gari la sinema la wizara akiwaonyesha wakulima filamu za vyoo na za mbu. Aliwaambia hadithi ya filamu iandikwe kwa macho: kisichoonekana wala kusikika kisiandikwe.

Maneno yale yalimwingia Mishi, akarudi na wazimu mpya. Alikata tundu la pembe nne kwenye boksi la sabuni, akawa anauchungulia ulimwengu humo. Alisimama kivukoni Kilifi toka asubuhi hadi adhuhuri, akaona mtu anavuka na kioo cha kabati kichwani, mawingu yamo ndani ya kioo. Alikaa nje ya kiwanda cha korosho akitazama wanawake wakitoka kazini, mikono imeliwa na mafuta ya maganda mpaka imekuwa myeusi. Kila alichokiona alikichora kwenye daftari la hesabu, picha juu, maneno mawili matatu chini, akampelekea Bwana Gerishom kwake Tezo. Bwana Gerishom alikuwa akijibu vilevile kila mara: "Picha nzuri. Sasa niambie, ni nani huyu, ataka nini, na nani amzuia?" Mwenye kioo alikuwa ataka kuvuka tu.

Zikiwa zimebaki siku kumi hadithi zifungwe, alinijia ofisini saa ya chakula.

"Tumu, nimeipata. Nichapie. Hawapokei ya mkono."

Akaketi na daftari lake mapajani, akawa ananisomea nami nachapa. Ilikuwa hadithi ya ndugu wawili wa Kilifi, Kanze na Mbeyu, waliogombana kwa ajili ya shamba la mikorosho. Mbeyu anaolewa. Kanze kasema hatahudhuria. Siku ya harusi anaingia kwa mlango wa nyuma, anajificha jikoni, na ngoma inapolia huko nje, yeye anacheza peke yake gizani. Sura yake hatuioni hata mara moja. Tunaona miguu, yenye hina mbichi, ikicheza juu ya sakafu iliyomwagikiwa unga.

Nilikiri moyoni kwamba hii ilikuwa hadithi. Kwa mdomo nilimwambia, "Halafu?"

"Mwisho sina."

Alijaribu mwisho wa Kanze kutoka jikoni na kukumbatiwa, tukauchapa, kesho yake akauchana. Alisema hayo hakuyaona popote. Mimi nilipendekeza Kanze afe, kwa sababu katika sinema nyingi nilizozitazama lazima mtu afe, na Mishi akanitazama kama niliyemtemea mate chakulani. Siku zikawa zaenda. Ijumaa usiku alikuwa na kazi ya harusi, akaniachia daftari nimalizie kuchapa mwenyewe, kwani Jumatatu bahasha ilitakiwa iwe posta. Hapo ndipo nilipoziona zile picha kwa mara ya kwanza.

Lazima niseme kitu ambacho kila mwanamke wa mji wetu anakijua. Sisi kwa sisi, barabarani, twajuana kwa miguu. Buibui limefunika kila kitu, lakini mguu uko nje, na mwendo, na ndala. Nikiona kisigino kinapita dirishani najua ni fulani na najua atoka wapi. Mishi naye ajua hayo kuliko mimi. Lakini alikuwa amekazana kuficha sura, jina, mji, hata udugu aliugeuza, akasahau kwamba kwetu mguu ni sura ya pili.

Mguu wa kushoto, kidole gumba. Kucha imepasuka katikati, nusu moja imepanda juu ya mwenzake. Mchi ulimponyoka mama nikiwa na miaka sita, na mimi ndiye niliyekimbia kuita watu.

Nilitoka ofisini mchana ule bila kuaga. Mishi nilimkuta kwao anapangusa mashine.

"Mguu huu wa nani?"

"Wa Kanze."

"Mishi."

Akaweka kitambaa chini. "Nilimwahidi kwamba sitasema."

"Alikuja?"

"Niliingia jikoni kupiga masufuria, wapishi walinikera wataka waonekane. Wapishi wenyewe wako nje wapakua. Nikamkuta yeye. Kaweka kidole mdomoni, hivi. Nikaigeuza mashine ukutani kabla hajaonekana." Akaanza kulia. "Nilijaribu kuchora kucha nzima, Tumu, wallahi nilijaribu. Mguu ukawa si mguu. Lete daftari nilichane, nisipeleke kitu."

Nilimpenda na nilitamani kumzaba kofi, yote mawili. Nilimwambia hakuna kitakachochanwa wala kitakachopelekwa mpaka mwenye mguu aulizwe.

Jumamosi nilikwenda Mambrui. Mama alikuwa barazani anapeta mchele. Nilipompa shikamoo aliitikia, akaendelea kupeta. Nikamwekea daftari juu ya mchele, penye picha ya mguu.

Akaacha kupeta, akatazama.

"Huyu Mishi! Nilimwambia asiseme."

"Hakusema, mama. Kachora."

"Nyumba ile sikuingia," alisema upesi. "Jiko liko nje, nyuma ya ua. Kiapo changu sikukivunja, usinitie katika midomo ya watu."

"Kwa nini hukunijulisha? Miaka miwili, mama."

"Ningekujulisha, ungenitafuta. Ungenitafuta, ungelia, na wanja ungekuchuruzika mbele za watu wa mumeo." Akafuta unga wa mchele juu ya picha kwa kidole. "Halafu wewe hukuja. Nikasema, basi, amenichoka."

Nilimweleza mambo ya Nairobi, kwamba Mishi atasoma akishinda, na kwamba yeye mama asiporidhia hadithi haitoki. Aliniuliza tu kama kanda ninayo bado.

Jumapili alasiri alikuja kwangu, mara ya kwanza tangu niolewe. Mume wangu alimkaribisha, akatoka, akatuachia nyumba. Mishi alikuwa amekwisha fika, amekaa karibu na mlango tayari kukimbia. Mama alivua buibui, akakaa mkekani, akanyoosha miguu. Nikatia kanda.

Vugo likaanza. Mama akawataja wachezaji mmoja mmoja, na waliokwisha kufa akawarehemu. Kisha ukaja ukuta.

Kanda ile nilikuwa nimeitazama mara ngapi sijui, na mara zote hapo nilikwenda jikoni kuchukua kahawa. Safari hii nilikaa. Doa la masizi. Pembe kwa mbali. Na karibu, pu, pu, pu, ikianguka nyuma kidogo ya ngoma kisha ikiiwahi. Hakuna aliyekuwa akitwanga kitu siku ile. Ulikuwa ni mguu mtupu juu ya saruji, na mimi wakati huo nilikuwa ndani ya nyumba, napakwa poda, nimenuna kwa sababu mama yangu hakuja.

"Hapo nilikosea," mama alisema. "Unga ulikuwa wateleza."

Sikuweza kujizuia, nililia kwa sauti kama mtoto. Mama hakugeuka. Alinishika goti, macho yako kwenye ukuta, na mguu wake wa kushoto ukaanza kugonga mkeka polepole, pamoja na ule wa kwenye kanda.

Mishi pale mlangoni alikuwa amejifunika uso kwa leso. Alikuwa akifanya alichokifanya jikoni miaka miwili nyuma, akituachia yetu.

"Mishi mwanangu," mama alimwambia, mguu haukusimama. "Safari hii usigeukie pembeni. Tazama."

Mishi akaishusha leso. Akatutazama, akautazama ukuta, akatutazama tena. Kisha akavuta daftari, akatoa penseli.