Gurudumu Lililotangulia Posa Mtongwe

Nawahadithieni mwenyewe, maana najua mmekwisha kuisikia kwa watu, na kila anayeihadithia huongeza lake (yuko anayesema gurudumu liliingia jikoni likamwaga chungu, si kweli, jikoni halikufika). Lakini aibu niliipata, hilo sikatai, na niliipata mchana kweupe, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, mbele ya watu ambao kati ya watu wote wa Mombasa ndio niliotaka wanione mtu wa maana.

Ilikuwa karibu na uhuru. Nilikuwa nakaa kwetu Jomvu Kuu, karani bandarini, na nina gari, nililolinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Lilikuwa kuukuu, lakini Jomvu wakati ule mwenye gari, hata likiwa bovu, alisalimiwa mara mbili. Ubovu wake ulikuwa mmoja tu: ukishika kasi, kama pale unapoteremka Changamwe kwenda Makupa, usukani hutetemeka mikononi kama mtu mwenye homa. Niliwauliza wenzangu kazini, na kila mmoja akawa na fatwa yake. Wa kwanza alisema mipira ya mbele ihamishwe nyuma na ya nyuma ije mbele kila baada ya miezi mitatu minne, ili iliwe sawasawa. Wa pili akasema mara moja kwa mwaka, kila ukiandama mwezi wa Ramadhani, yatosha. Wa tatu akasema usiguse mpaka uone upara. Na wote walikubaliana kwamba magurudumu yapelekwe gereji yakapimwe uzani, yatiwe vipande vya madini ya risasi pale palipo pepesi, na mtetemeko utakoma. Nikawasikiliza wote, nikawashukuru wote, na mwaka mzima sikufanya la hata mmoja wao.

Ikawa nataka kuposa. Msichana aliitwa Zuhura, binti wa Mzee Abdalla, mwenye duka kule Mtongwe, na watakaokwenda kuniombea walikuwa wawili, mjomba wangu Kombo na shangazi yangu Mwanasiti. Kwa desturi yetu mwenye kuposa haendi, hukaa nyumbani akangoja majibu, lakini dereva mwingine hatukuwa naye, kwa hivyo tukapatana kwamba mimi niwapeleke, niwashushe njia panda, juu kidogo ya nyumba yao, kisha nikae garini nisionekane mpaka watoke. Mpango mzuri, na ungefaulu kama si mimi.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaliosha gari likang'aa, na nilipomaliza ndipo nikaona mipira ya mbele imelika ukingoni mpaka nyuzi zataka kutoka. Ile ya nyuma ilikuwa mizima. Nikawaza, huyu Mzee Abdalla ana gari la mizigo la duka, mtu kama huyo jicho lake la kwanza huangukia mipira, na akiona upara ule atasema kijana huyu hajui kutunza kitu. Basi nikaamua palepale kuihamisha, mizima ije mbele, machoni pa watu, upara uende nyuma ukajifiche. Huo ndio uamuzi wangu. Mwaka mzima nimekaa, nikachagua siku hiyo.

Nikapiga jeki, nikafungua, nikafunga, na kazi yenyewe ilinipendeza, nikawa napiga mluzi. Gurudumu la mwisho lilikuwa la nyuma, kushoto. Nati zake nilizizungusha kwa spana kidogo tu gari likiwa bado juu, nia yangu nizikaze barabara likishashuka chini, maana likiwa hewani gurudumu huzunguka, hukazi kitu. Shangazi akaniita toka mlangoni.

"Athumani, chai yapoa, na mjomba wako amekwisha vaa kofia."

Nikateremsha jeki, nikabandika kile kifuniko cha ringi kinachong'aa juu ya nati, nikaenda kunawa. Nati zikabaki vile vile, zimefunikwa vizuri, hata mimi mwenyewe nisizione.

Tulipoteremka Makupa usukani ukawa umetulia kama maji ya mtungini. Mjomba akasema, "Leo limetengenea hili gari lako," nami nikamweleza kwa urefu habari za kuhamisha mipira (nilisema hata faida zake, wallahi, kama mtu aliyezaliwa gereji). Tulipovuka feri ya Likoni na kushika njia, shangazi aliyekaa nyuma akasema, "Huku kwangu kwagonga."

"Ni mawe ya barabara, shangazi."

"Kwani lami nayo ina mawe?"

Nikaongeza mwendo kidogo, nikidhani kelele itabaki nyuma.

Njia ya Mtongwe tulipoiingia ilikuwa ya changarawe, inateremka. Tulikuwa karibu na njia panda yetu wakati mjomba alipotazama nje dirishani, akasema kwa sauti yake ile ya taratibu, "Athumani, gurudumu lile la nani?"

Nikatazama. Lilikuwa linatupita upande wa kushoto, limenyooka, halina haraka, kama mtu anayejua aendako. Kabla sijajibu gari likakaa chini upande wa nyuma, likaburura changarawe, likasimama. Gurudumu halikusimama. Lilifika njia panda, likakata kona ambayo hata mimi ningepunguza mwendo kuikata, likashuka kijia kinachokwenda nyumba moja tu, ya Mzee Abdalla, likatoboa ua wa makuti, likaingia ndani. Tukasikia sinia likilia, wanawake wakapiga ukelele.

Tukashuka garini. Mjomba ndiye aliyeanza. "Sisi tutakwenda kama tulivyopanga. Wewe kaa hapa."

"Akae vipi?" shangazi akasema. "Ua wa watu umevunjwa. Aliyeuvunja ndiye aingie aombe radhi."

Basi nikaingia, mwenye kuposa, siku ya posa yangu, kupitia tundu la ua, kwa kuwa mlango ulikuwa upande wa pili na tundu ndilo lililokuwa karibu. Wanawake walikuwa wamesimama wameshika leso zao, na mahamri yamemwagika toka jamvini hadi mchangani, yale waliyotuandalia sisi. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Gurudumu lenyewe lilikuwa limeegemea ukuta wa nyumba, limetulia, na kando yake yuko Zuhura na jagi la sharubati mkononi. Nilikuwa nimeinama njiani kutazama chini ya gari, kwa hivyo kanzu ilikuwa na grisi kifuani na magotini. Nikawaomba radhi wanawake mmoja mmoja, nikaanza kuokota mahamri, nikiyapangusa mchanga kama kwamba yatalika.

Mzee Abdalla akatoka. Nikampa shikamoo, akaipokea. Alilitazama gurudumu, akanitazama mimi, akawatazama wazee wangu waliokuwa wamekwisha kufika, mjomba anahema na nati moja mkononi aliyoiokota njiani.

"Sisi hapa tumezoea kutanguliziwa barua," akasema.

Mjomba alikuwa na maneno yake ya posa aliyoyakariri tangu juzi, lakini badala yake akamnyoshea Mzee ile nati. Mzee akanigeukia. "Magurudumu haya uliyashika lini mara ya mwisho?"

"Leo asubuhi."

"Na kabla ya leo?"

Ningeweza kusema lolote. Nilikuwa na fatwa tatu za kuchagua. Lakini nilikuwa nimechoka kujionyesha. "Kabla ya leo sikupata kuyashika, tangu ninunue gari hili."

Nikasikia mtu akicheka nyuma ya mlango. Mzee hakucheka. Aliwakaribisha wazee ndani, kisha akakunja mikono ya kanzu akaja nami mpaka kwenye gari. Nati nyingine zilikuwa zimepotea, kwa hivyo akaniambia nitoe moja moja katika magurudumu mengine, tukalifunga lile, yeye ameshika taa... la, ameshika jeki, taa hatukuhitaji, jua lilikuwa utosini. Hakusema neno la posa. Aliporudi ndani kwa wageni wake, mimi nilibaki nje nikishona ua kwa makuti mapya, na watu wa Mtongwe wakipita wananipa pole.

Majibu yalikuwa, "Tutawaletea habari." Njia nzima ya kurudi shangazi alitazama dirishani.

Kesho yake nilipeleka magurudumu yote Changamwe yakapimwe. Habari ilikuja baada ya muda mrefu, na shangazi ndiye aliyeileta. Wamekubali. Nikauliza Zuhura mwenyewe alisema nini, akanijibu, "Amesema mtu aulizwaye mbele za watu akasema kweli, huyo ataweza kukaa naye. Lakini garini mwako hapandi, mpaka babake alikague." Na siku ya harusi alikuja kwa gari la babake, mimi nafuata nyuma.

Sasa naihamisha mipira kila baada ya miezi mitatu minne, siku isiyo na safari, nimevaa shuka kuukuu. Nakaza nati likiwa juu, nakaza likiwa chini, nalipeleka mpaka msikitini na kurudi, kisha nakaza tena. Majirani wakiniona husema yule bwana ni mjuzi wa magari. Nami huwaacha waseme hivyo hivyo. Lakini ni woga tu, wallahi.