Karanga za Mbegu

Kamati ya huduma kwa jamii ya kanisa letu ilinipata kama kamati zote zinavyopata watu: sikuwepo kwenye kikao. Jumapili ile nilibaki nyumbani na redio yangu, nikiugua mafua ambayo mke wangu huyaita mafua ya miguu, maana huja kila panapotakiwa kutembea. Aliporudi ibadani alinipa taarifa akiwa bado anavua viatu mlangoni. Nimechaguliwa. Kanisa zima limepiga makofi, alisema, na yeye kapiga kuliko wote.

Mimi ni mtu wa kukaa barazani. Nimezaliwa Tabora, nimesoma Tabora hadi kidato cha nne, na Kaliua, pale reli inapogawanyika, nimepapita mara moja tu, tena nikiwa usingizini.

Kwenye kikao changu cha kwanza mwenyekiti alikuja na mawazo aliyotumiwa kwenye simu na ndugu yake aliyeko ng'ambo, jinsi kanisa linavyoweza kuwafikia majirani kwa kufuata majira. Kuosha magari ya watu bure. Kugawa maua wakati wa kuchipua. Kuwapa maji ya baridi wanaokimbia mazoezi. Tulijadili hayo saa nzima, kwa uzito, na wengine wakiandika. Mtaani kwetu gari ni la mchungaji, na mwezi wa kumi maji ya bomba huja yakijisikia. Na ukimwona mtu anakimbia kwenye jua lile, anakimbiza mbuzi.

Mwishowe mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema kiangazi chetu huishia kwenye mapaa yanayovuja, basi kabla mvua haijaanza twende tukazibe bati la bibi mmoja ambaye ni jirani yangu. Wote wakakubali haraka, maana njaa ilikuwa inauma. Na kwa kuwa bibi ni jirani yangu, nikapewa kazi ya kumpasha habari na kusimamia chakula cha wafanyakazi.

Bibi huyo ni Mwislamu, mjane wa fundi cherehani. Nyumba yake iko kando ya ile njia ya zamani ya misafara, na kwao walirithishana neno moja: nyumba ya njiani haimwachi mgeni aondoke na njaa. Nyuma ana kishamba cha karanga. Anazikaanga, anaziuza kwa kikombe barazani mwaka mzima, na hizo ndizo zinazomweka mjini.

Suala la chakula nililitafakari nikiwa nimekaa. Kazi ni ya muda wa saa mbili tu, nikajisemea, kufika adhuhuri kila mtu kashakwenda kula kwake. Kwa hiyo sikuandaa chochote. Mimi niliita hiyo kupanga. Mke wangu aliita jina jingine.

Tulikwenda watu kumi na wawili. Bati lile lilihitaji wawili. Wawili wakapanda na lami na vipande vya bati, na kumi tukashika ngazi, kupiga picha, na kumshauri aliye juu kuhusu mambo anayoyajua kuliko sisi. Ndiyo maana ilipofika saa nane mchana tulikuwa bado tupo, na bibi akatoka ndani na jamvi. Ukafuata ugali, kikafuata kisamvu kizito cha karanga. Mwenyekiti akaanza kusema asijisumbue.

"Watu wa kanisa mmekuja kwangu mara ya kwanza," bibi akasema. "Mkiondoka midomo mikavu, mtaani nitaweka wapi uso?"

Tukala. Naona haya kuandika kwamba niliongeza. Tena nilimsifia mapishi, na yeye akacheka, akanipakulia mara ya tatu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mtaa mzima uliinama na jembe. Kishamba cha bibi kilibaki kitupu, kimelimwa vizuri na hakina kitu. Nikamwamkia kupitia uani, akaitikia marahaba, nikamuuliza mbona karanga haziendi ardhini. Akasema ardhi nayo huchoka, mwaka huu anaipumzisha. Nikarudi ndani nikimsimulia mke wangu kwa heshima zote jinsi wazee wanavyojua kilimo.

Mke wangu akaweka ungo chini.

"Ardhi haijachoka. Mlikula mbegu."

Siku ile ya bati alikwenda kuchukua sufuria letu aliloliazima bibi, akaliona lile gunia la mbegu ambalo huning'inia juu ya jiko. Limekunjwa, tupu, maana karanga za kuuza zisingetosha watu kumi na wawili. Alidhani bibi ana jingine. "Na wewe mwenzangu," akaongeza, "ndiye uliyesimamia chakula."

Mwanamke wa watu angekaa mwaka mzima barazani bila cha kuuza, kwa sababu mimi nilipanga.

Nikapeleka jambo kwenye kamati. Mwenyekiti alihuzunika kweli, kisha akapendekeza tangazo ibadani, kila familia ilete karanga, halafu twende wote na kwaya kumkabidhi, na picha zipigwe. Nikamuuliza tutakwenda saa ngapi. Akasema asubuhi, tukae naye hadi mchana.

"Tukienda kumi na wawili kumrudishia mbegu," nikasema, "atatupikia hizo mbegu."

Halafu mwenyekiti akasema kwa kuwa naijua sana familia ile, nilimalize mwenyewe. Safari hii walinichagua nikiwepo.

Dada yangu mkubwa analima kijijini Puge. Nilimpigia simu anitumie mbegu kwa basi. Akajibu kwamba karanga zake za kuchagua hawezi kuipa sauti, kama ninazitaka nilete na uso, maana hajauona tangu harusi ya mwanawe. Nikaenda. Alinitania siku nzima, akaniuliza kama kiti changu cha barazani kimebaki salama, kisha akanipa nusu gunia, bora kuliko za kwake za kupanda.

Sasa kumpa bibi wazi wazi ilikuwa kuuambia mtaa mzima kwamba ukarimu wake ulimshinda. Asingezipokea. Basi nikatumia mali pekee niliyonayo, sifa yangu. Nikamwambia nimeletewa mbegu na mgongo wa kulima sina, na zikikaa kwangu panya watazimaliza, tayari wameanza. Akiniruhusu zipandwe kwake, tutagawana nusu kwa nusu.

Bibi akafungua gunia, akachota kiganja kizima, akazigeuzageuza juani moja baada ya nyingine.

"Panya wako wana adabu," akasema. "Hawajagusa hata moja."

Nikalitazama bati. Lilikuwa limezibwa vizuri sana. Yeye akafunga gunia, akasema nusu kwa nusu amekubali, ila palizi yote ni yangu, na tuanze leo, mvua haimsubiri mtu.

Kwa hiyo Januari, wakati watu wenye akili wamekaa barazani na redio zao, mimi nimeinama kwenye karanga, na bibi amekaa kwenye baraza lake akinionyesha kwa fimbo magugu niliyoyaruka. Jumamosi moja mwenyekiti akapita, akauliza kama anaweza kupiga picha ya taarifa ya kamati. Bibi kusikia sauti ya mgeni akaanza kunyanyuka, anauliza wamekuja wangapi.

"Yuko peke yake, bibi," nikawahi. "Na ameshakula."