Chiku na Makabati ya Hadada

Chiku Semboja alizaliwa Ngamiani, Tanga, akaja Johannesburg kumfuata mume aliyekuwa na spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto. Siku alipogundua kwamba mume ana mke mwingine na watoto mtaa wa pili, hakurusha sahani wala hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akahamia Berea kwenye chumba cha Bushra, msusi kutoka Unguja, na mwaka huohuo akapata kazi ya usafi Randburg, nyumbani kwa wazee wawili wa Kikorea: Mzee Yun na mkewe, Mama Seo.

Uani kulikuwa na karakana. Humo Mzee Yun alitengeneza visanduku, sinia na makabati kwa ufundi wa kwao, ule wa kupaka mbao utomvu wa mti. Utomvu wenyewe uliletwa kutoka Korea katika madebe madogo, mzito, wa rangi ya chai ya maziwa. Ukishapakwa na kusuguliwa mara nyingi hugeuka mweusi wa kung'aa, mpaka mtu anajiona uso. Chiku aliambiwa afagie tu, asiguse kitu. Akagusa. Asubuhi iliyofuata uso ulikuwa umefura, macho hayafunguki, mikono imejaa malengelenge. Bushra alimpeleka kliniki akidhani kapigwa.

"Ni utomvu tu," Chiku alisema kwa taabu. "Ukiwa mbichi unaunguza. Ukishakauka hauna neno."

"Basi kaa mbali nao."

"Aa, shoga. Uniunguze hivi halafu niuache? Nitausumbua mpaka unizoee."

Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikimuuma, hakukiacha.

Mzee Yun alicheka aliposikia, akamkalisha kwenye kigoda na kumpa brashi iliyotengenezwa kwa nywele za binadamu. Mwili ulizoea polepole. Chiku akajifunza kuzinywesha mbao utomvu mbichi zisije zikasinyaa, kubandika juu yake kitambaa cha katani kwa utomvu uliochanganywa na gundi ya mchele, kusawazisha kwa udongo laini, kupaka, kusubiri, kusugua, kupaka tena. Alishangaa kujua kwamba utomvu huu haupendi jua. Unataka joto lenye unyevu, kama bafu mtu akimaliza kuoga. Majira ya baridi, hewa ya Johannesburg ikikauka mpaka midomo inapasuka, alilowesha taulo na kuzitundika ndani ya kabati la kukaushia, na maji ya bomba yakikatika alibeba ndoo kutoka kwa jirani.

Halafu yakaja maganda. Mzee Yun alitumia ganda la perlemoen, konokono mkubwa wa bahari ya Cape, ambalo upande wa ndani linang'aa kijani, waridi na buluu. Lilisuguliwa likawa jembamba kama ukucha, likakatwa kwa msumeno wa uzi, likabandikwa juu ya weusi likawa ndege na mawingu. Kwao Korea ndege ni korongo. Chiku aliomba kuweka hadada, wale ndege wa Johannesburg wenye midomo mirefu wanaoamsha mtaa mzima kwa kelele zao. Mzee Yun alimtazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Weka," akasema. "Lakini hapo wanyamaze."

Kabati hilo la hadada lilimchukua zaidi ya miaka miwili, na lilipokwisha mzee alilizunguka, akapitisha kiganja juu ya mlango, akaenda kumwita mkewe aje aone. Chiku hakuwahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote, si baba, si mume.

Katika karakana hiyo alikuwepo pia Lambert, mwanamume wa Lubumbashi, aliyeranda mbao na kupeleka kazi kwa wateja. Alivaa vizuri, aliongea vizuri zaidi, na aliwajua kwa majina wenye maduka ya sanaa Rosebank. Utomvu hakuugusa kabisa, akiogopa uso wake. Mzee Yun alipougua akawa hainuki kitandani, Lambert ndiye aliyeingia chumbani kumpelekea habari. Siku moja akampelekea habari kwamba Chiku anaiba madebe ya utomvu na kuyauza mjini, tena kwamba amemwona kwa macho yake.

Chiku aliitwa. Mzee Yun hakumuuliza kitu. Alimtazama mara moja tu, akageuzia uso ukutani. Mama Seo alisimama mlangoni, akasema kwa Kiingereza chake kifupi, "Nenda. Usirudi."

Mzee alifariki muda si mrefu baadaye. Chiku alikwenda mazikoni akiwa na baibui lake jeusi, na Lambert, ndani ya suti, akamzuia getini.

"Dada Chiku, famille hawakutaki hapa," alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole. "Heshimu wafu."

Alirudi Berea kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kila penye robot, taa za barabarani, anasimama, zinabadilika na yeye bado amesimama. Kufukuzwa kazi kungemezeka. Uso wa mzee kuelekea ukutani haukumezeka.

Kisha Bushra akamwonyesha picha kwenye simu. Kabati la hadada, ndani ya hoteli kubwa ya Sandton, na Lambert kando yake, ameliegemea, anatabasamu. Chini ya picha hoteli imeandika kwamba huyu ndiye mwanafunzi wa mwisho wa bwana mkubwa wa Kikorea, na kazi hii ni ya mikono yake.

Chiku alikuwa na kichupa cha utomvu mbichi, zawadi ya mzee. Wazo la kwanza lilikuwa jepesi: tone moja kwenye usukani wa gari la Lambert, jingine kwenye kitasa cha mlango, na ule uso mzuri ufure kama boga. Alilipenda wazo hilo siku nzima, akalizungusha mdomoni kama pipi. Baadaye akalitema. Malengelenge hupona. Yeye alitaka kisichopona.

Wala hakulazimika kumtafuta. Lambert alikuja mwenyewe Berea, akapanda ngazi zote kwa kuwa lifti ilikufa zamani, akaketi kwenye kiti cha wateja wa Bushra akihema.

"Eish, Dada Chiku. Ile hoteli inataka makabati mawili mengine, makubwa, na ndege zilezile. Mama Seo amehamia Pretoria kwa binti yake, karakana ameniachia miye. Weye unajua kazi, miye najua watu. Njoo tufanye."

"Na watu tutawaambia ni kazi ya nani?"

"Bon... kwa sasa tuseme yangu. Mbele tutaona."

"Haya," Chiku alisema. "Jumatatu nakuja."

Lambert alipoteremka, Bushra aliacha chanuo. "Unakwenda kumfanyia kazi yule? Yule?"

"Nakwenda kumtengenezea makabati yake," Chiku alijibu, na Bushra alipomwona usoni akarudia chanuo lake.

Kazi ilichukua karibu mwaka mzima, na Chiku hakuwahi kufanya kazi kwa furaha kiasi hicho. Mbao hakuzinywesha utomvu, aliziacha na kiu. Kitambaa cha katani alikibandika kwa gundi ya mchele tupu, utomvu akaunyunyiza tu ili unuke inavyopasa. Udongo aliupaka mnene na kuufunika kabla haujakauka ndani. Juu ya uozo huo sasa akaweka ustadi wake wote. Tabaka za juu alizipaka kwa pumzi iliyozuiwa. Hadada aliwakata unyoya kwa unyoya. Alisugua kwa makaa, akamalizia kwa mafuta na kiganja, mpaka milango ikawa kama maji yaliyotulia usiku. Kila alipochoka alimkumbuka mzee akigeuka ukutani, na uchovu ukamtoka. Lambert alipita na wageni wake, akielekeza kwa kidole, akisema, "Hapa niliamua kuongeza ndege mmoja." Chiku aliendelea kusugua, amemwinamia hadada ambaye alijua hatavuka majira ya baridi yanayofuata.

Makabati yalizinduliwa kwa vinywaji na picha. Mwezi Juni, baridi ilipoanza, hoteli ikawasha hita za ukumbini, na mbao zenye kiu zikaanza kusinyaa.

Simu ya Lambert ilikuwa ya kilio. "Njoo haraka, leta brashi! Vitu vinaanguka!"

Chiku alikwenda bila brashi. Ukumbini alimkuta meneja wa hoteli, Lambert mwenye jasho katika baridi ile, na Mama Seo, aliyeitwa kutoka Pretoria kwa sababu makabati yale yaliuzwa kwa jina la marehemu mumewe. Kitambaa kilikuwa kimetuna kama ngozi yenye jipu. Weusi umepasuka. Vipande vya ganda vimedondoka sakafuni, na hadada mmoja alibaki miguu tu. Mama Seo alikuwa amepiga magoti. Aliingiza ukucha chini ya ufa, akabandua, akanusa.

"Nani alipaka huku chini?"

"Ni hewa, Mama," Lambert alisema. "Ni hita."

"Nimeuliza nani."

"Wewe ulituambia umefanya yote kwa mikono yako," meneja alimkumbusha.

Lambert alimtazama meneja, kisha Chiku. Chiku alikuwa amekunja mikono. Hapa ndipo alipokuwa amemleta, hatua kwa hatua, mwaka mzima. Akikubali kwamba kazi ni yake, basi yeye ndiye mharibifu. Akikataa, basi ni mwongo.

"Si miye!" Lambert alilipuka. "Ni huyu mwanamke! Miye sijawahi hata kushika ule utomvu!"

"Na lile?" Mama Seo alionyesha kabati la kwanza, lililosimama pembeni likiwaka bila ufa hata mmoja.

"Lile... lile pia ni lake."

Mama Seo alinyanyuka taratibu. "Mume wangu alikuuliza kama ulimwona akiiba. Ulisema ulimwona. Ulimwona?"

Lambert alirudi nyuma hatua moja, akamkanyaga hadada aliyedondoka. Meneja alishatoa simu anawaita walinzi. Chiku alimtazama Lambert vizuri, jasho lile, kiatu kile juu ya hadada, na utamu ukamshuka mwilini. Angetaka achelewe kutolewa. Angetaka asimame pale mpaka jioni, watu wampite.

Nje, kwenye maegesho, Mama Seo alimshika mkono.

"Lambert asingeweza kuharibu vizuri namna ile," alisema. "Asiyejua huharibu juu. Wewe umeharibu ndani, juu ukapamba."

"Ndiyo, Mama."

"Mume wangu alikukosea. Na mimi. Nitakwenda kaburini nimwambie." Akauachia mkono. "Na hili la leo nitamwambia pia."

Maneno hayo yalimwingia Chiku kuliko matusi. Mama Seo akaingia kwenye gari la binti yake akaondoka. Karakana iliuzwa, vifaa vikarudi Korea. Hakuna aliyemwita Chiku kuchagua hata brashi moja.

Sasa hutengeneza visanduku vidogo kulekule Berea, na kuvikausha katika bafu ambalo majirani hulalamika kila siku kwamba halikauki. Ndani na nje huvipaka sawasawa. Lambert ni mlinzi wa geti kwenye maduka ya Randburg, na siku moja Chiku alipokwenda huko kununua msasa, walikutana uso kwa uso. Lambert alikuwa amekonda. Suti imekuwa sare.

"Dada Chiku," alisema kwa sauti ya chini. "Ulifurahi?"

"Nilifurahi," Chiku alisema.

"Na mpaka leo?"

"Brashi ya mzee hata moja sikupata," Chiku alisema, akaingia dukani.