Hodi za Shangazi

"Mtu mmoja, kamera na kinasa sauti? Kwani wewe pweza?"

Ndivyo alivyonicheka binamu yangu siku niliporudi Bagamoyo na begi la vifaa. Wengine walisema nitapiga picha za harusi mwezi mmoja, kisha nitahamia Mapinga kufanya udalali wa viwanja. Hawakunijua. Stashahada yangu ya upigaji picha niliipata ugenini huku nikiosha vyombo hotelini, bila mjomba wala mfadhili, na darasani kwetu hakuna aliyenishinda kuusoma mwanga.

Kazi niliyojipa ilikuwa kumwekea kumbukumbu shangazi yangu, mama yake huyo binamu. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kualika watu mtaani. Ukiwa na harusi, arobaini au maulidi, hupigi simu. Unamtuma yeye, anapita mlango kwa mlango, anabisha hodi, anajulia hali, ndipo anafikisha maneno. Sasa koo lake lilikuwa na uvimbe, na madaktari wa Dar walituambia wazi: ukitolewa, sauti itaondoka nao.

Tulijaribu barazani. Sauti ilikwisha kuwa nyembamba, kwa hiyo kinasa sauti kilibidi kikae shubiri moja na mdomo wake. Kikikaa hapo kinaziba uso. Nikikisogeza, picha inapendeza, sauti inamezwa na bodaboda. Na kila nikibonyeza kamera, mlio wake unaangukia juu ya neno.

"Basi tufanye mara mbili," nikamwambia. "Kwanza picha, halafu sauti. Jifanye unaalika harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya uongo tu, shangazi."

"Mwanangu, nikishasema mlangoni kwa mtu, nimesema. Watakuja na sare zao wamejifukiza. Utawalisha hiyo stashahada?"

Nikaandaa shughuli ya kweli: dua ya kumwombea kabla hajaenda hospitali. Masufuria na mikeka niliazima kwa majirani. Mwalikaji angekuwa yeye mwenyewe, na kila mlango angeusemea mara moja tu.

Asubuhi hiyo jua lilikuwa limelala juu ya mlango wa kwanza, likamshika shavuni na kwenye ukingo wa buibui. Mwanga wa namna hiyo mpiga picha anaweza kuungoja mwaka mzima. Akavuta pumzi. Nikainua kamera, kisha nikaishusha, nikasogeza kinasa sauti mdomoni pake. "Hodi! Hodi wenyewe!" Tukaenda hivyo mtaa mzima, kamera ikinipigapiga tumboni. Sina picha hata moja ya asubuhi ile. Zingekuwa picha bora nilizowahi kupiga, nalisema hilo bila haya, na mpaka leo linaniuma.

Dua ilisomwa, watu wakajaa hadi njiani. Upasuaji ukafanyika. Shangazi akapona, sauti ikaenda kama tulivyoambiwa.

Alipopata nguvu tulitoka pamoja kurudisha vyombo na mikeka ya majirani. Yeye hajawahi kuingia kwa mtu bila hodi, akasimama mlangoni kwa jirani wa kwanza akinitazama. Nikajiona fundi. Nikabonyeza kinasa sauti, sauti yake ya asubuhi ile ikatoka safi kabisa: "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu!" jirani akaitika kutoka uani. "Alhamdulillahi! Sauti imerudi! Jamani, njooni, imerudi!"

Akatoka mbio, mikono imejaa unga. Akakiona kinasa sauti mkononi mwangu, akamtazama shangazi, kisha akanigeukia.

"Umefanya nini wewe?" akaniuliza taratibu.

Shangazi alinipokonya kile chombo, akakitumbukiza kwenye kikapu chake, akamkumbatia jirani pamoja na unga wake. Walisimama hivyo muda mrefu, mmoja akilia kwa kwikwi, mwingine machozi tu.

Nyumba zilizobaki nilibisha hodi mimi, yeye akiwa nyuma yangu. Kila mwenye nyumba alimshika mkono kabla ya kupokea sufuria yake. Adhuhuri ilipoadhiniwa, kwetu hapakuwa tena na chombo wala mkeka wa mtu.