Pale Filimbi Ilipokuwa Ikiingia

Nilimjua kupitia ukutani kabla ya kumjua kwa sura. Nilikuwa nimepanga chumba Stechford, pembeni mwa jiji la Birmingham, Uingereza, kwa nesi Mkenya aliyenikaribisha kwa muda mfupi kisha akashindwa kunifukuza. Asubuhi, nyumba ya pili, fidla ilikuwa ikianza, muziki wa mbio, wa kuchezwa, nami nikawa nachelewa kazini kwa kubandika sikio ukutani.

"Form Two yenyewe hukumaliza," dada huyo mwenye nyumba akaniambia, "sasa umeamua kusomea ukuta?"

Ni kweli. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijakaa mji mmoja kiasi cha kumzoea muuza mkate. Lakini kitu nisichokielewa hakiniachi nilale. Nikaenda kugonga mlango, nikauliza ule ulikuwa muziki gani.

Alikuwa mzee wa Ireland, kipofu wa kuzaliwa, aliyekuja Birmingham ujanani pamoja na kaka yake. Kaka alichimba barabara, yeye alirekebisha sauti za piano. Kaka alishafariki. Nilimwita mzee, akataka kujua maana yake. Nikamweleza kwamba ni mtu aliyekula chumvi nyingi, tena ni heshima.

"Kwa hiyo ni tusi lililovaa kofia," akasema. Akaniruhusu kuendelea.

Jumapili alasiri tukawa tunapanda treni pamoja, yeye ameshika kiwiko changu, kisha tunateremka kwa miguu hadi mtaa wa Digbeth, kwenye baa ambako wenzake hukaa kuizunguka meza moja. Hakuna jukwaa wala karatasi ya noti za muziki. Mmoja huanzisha, na anayeujua wimbo huingia. Mwanzishaji alikuwa huyu mzee wangu. Akishapiga mzunguko wa kwanza, mama mwenye filimbi ya mbao, aliyekaa kushoto kwake miaka yote, huingia, kisha wengine, na sakafu ya mbao hutikisika kwa miguu yao. Lakini kuna nyimbo za polepole, za msiba na za kuaga. Hizo hupigwa na mtu mmoja tu. Glasi huwekwa chini, mwenye kikohozi hukimeza, na mpigaji hakatizwi, awe nani.

Majira ya baridi yaliyopita, mzee akaanza kupiga za polepole tu. Wenzake wakipiga za mbio, yeye alilaza fidla magotini. Nilidhani ni umri, vidole vinaganda. Tena alizipiga vizuri kuliko zamani. Watu wazima waliangalia pembeni wakapangusa pua.

Jumapili moja yule mama akaanza wimbo wa polepole. Alikuwa ametoka kumzika mamake, na wote tulijua anampigia nani. Hakuna mguu uliogusa sakafu. Katikati ya wimbo, mzee akainua fidla, akaanza wa kwake.

Mama akapiga noti chache zaidi, akamtazama, kisha akaishusha filimbi mapajani. Mpigaji hakatizwi. Tulimsikiliza mzee mpaka mwisho, na hakuna aliyejua atazame wapi. Alipomaliza akageuza uso kushoto, anatabasamu.

"Nawe tupe wimbo mmoja, binti. Leo umekuwa mkimya sana."

Binti mwenyewe ana wajukuu. Akamwekea mkono begani. "Baadaye," akasema. Mzee akaendelea kungoja jibu.

Kwenye treni akaniuliza. "Kanishika bega. Hajawahi kunishika bega. Nimefanya nini?"

Nilimwinamia sikioni nikamwambia. Hakupata. Ikabidi nirudie kwa sauti kubwa, behewa zima likasikia kwamba yule mama alikuwa akimwombolezea mamake, na kwamba yeye alianza kupiga juu ya maombolezo yake.

Tulishuka Stechford. Pale kwenye jukwaa la stesheni akasimama.

"Sakafu ilikuwa imetulia," akasema. "Nilidhani hakuna anayepiga."

Hapo ndipo nilipojua alivyokuwa amepoteza usikivu. Vifaa alivyopewa vya masikioni vilimsaidia akizungumza na mtu mmoja. Muziki vilimletea kama mabati yanayoburutwa. Fidla yake tu ndiyo aliyoisikia bado, kwa mfupa, kupitia taya. Ndiyo maana alikimbilia nyimbo za mtu mmoja. Aliogopa wakijua ataipoteza ile meza.

"Kutwa nzima najisikiliza mwenyewe," akasema. "Sikujua kwamba nachosha hivi."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

"Macho sikuwahi kuwa nayo, siwezi kuyalilia. Lakini wale wenzangu wa mezani..." Akanishika kiwiko, tukaenda.

Jumapili iliyofuata alimwomba radhi yule mama. Mama akamwambia sikioni kwamba hata marehemu angependelea fidla. Kisha mzee akavua viatu, akabandika nyayo zake sakafuni, soksi moja imetoboka kidoleni.

"Mmoja wa mbio," akasema.

Akaanzisha. Filimbi ikaingia, wakaingia wote, sakafu ikatikisika, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekuta mlango haukufungwa. Kwa kitambo walikwenda sambamba. Kisha akaanza kuwatangulia. Wakakimbia naye. Akapunguza, wakapunguza. Akaruka kipande, wakaruka naye kwa adabu, kama watu wanaoteremsha kochi kwenye ngazi.

Akaacha katikati. Hakuwa amewahi kuacha katikati.

"Mnanifuata," akasema. "Miguu yenu inafika baada ya wangu. Zamani ilikuwa inafika pamoja."

Mama akainama sikioni. "Tutakufuata popote."

"Hapo ndipo ubaya ulipo, binti."

Akapangusa nyuzi kwa kitambaa, akafunga kasha. Tangu hapo hajarudi. Nikimgongea Jumapili ananiambia niende mwenyewe, nimletee habari, na nikileta hazisikilizi.

Siendi tena. Saa ya treni yetu ikifika, fidla huanza ng'ambo ya ukuta, nyimbo za mbio, sawasawa kabisa, bila kosa.

"Leo mzungu wako ana furaha," dada aliniambia juzi, akipiga pasi sare yake.

Nilibandika sikio ukutani. Mzee alikuwa amemaliza mzunguko wa kwanza. Pale filimbi ilipokuwa ikiingia, alilegeza upinde kidogo, kama afanyavyo siku zote, akaacha nafasi.