Picha ya barazani Chake: kijana aliyepokea kahawa kwa mkono wa kushoto

Wakuu, assalamu alaykum, na wa imani nyengine hamjambo nyote.

Kuna sauti moja sijaisahau mpaka leo. Puu! Kimya. Puu! Halafu mawe na chokaa vikiporomoka, kama mchele unaomwagwa kwenye sinia la bati.

Ilikuwa nyundo ya mafundi wakivunja nyumba kongwe jirani na duka ninalofanyia kazi hapa Chake Chake. Nilitoka nje nikasimama tu. Nikajiuliza: hivi kuna mtu aliyeipiga picha hii nyumba kabla haijawa kifusi?

Hapo ndo yalipoanza haya ninayotaka kuwasimulia. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe, sijayatia chumvi. Pale niliposahau nitasema nimesahau.

Kwanza mnijue kidogo. Mie ni dada wa Tibirinzi, nafanya kazi stesheneri: kopi, lamination, picha za pasipoti. Shule yangu ni Form Four, nayo niliimaliza kwa kuchechemea. Lakini ndoto, wakuu, ndoto ninazo za kugawa!

Ndoto yangu kubwa ni kufanya maonyesho ya picha za Chake ya zamani. Nyumba, vichochoro, mabaraza, watu. Picha zitundikwe ukutani, wazee waje waoneshane kwa vidole: "Ile kwetu ile!"

Basi nikafungua page. Nikaanza kuomba picha kwa yeyote mwenye nazo. Zikaja harusi, zikaja watoto wa skuli, ikaja na picha ya ng'ombe. Nikazipokea zote, ng'ombe pia.

Siku moja kaka mmoja anayeishi Maskati akanitumia picha moja. Babu yake aliwahi kuishi Chake, na alikuwa na kamera. Kaka kazikuta filamu za babu ndani ya sanduku, zile nyeusi nyeusi unazoziangalia kwenye mwanga, akaziskani.

Wakuu, nilipoifungua nilisahau mteja mbele yangu.

Njia inateremka bondeni. Nyumba ya mawe, mlango wa nakshi, baraza ndefu. Barazani amekaa kijana wa kanzu na kofia, anapokea kikombe kwa muuza kahawa. Nyuma yao kasimama bwana mwenye koti. Kijana anacheka. Hacheki na kamera, anacheka na muuza kahawa, kama vile wamekatizwa hadithi nzuri.

Nikasema hii ndiyo picha ya mbele ya maonyesho yangu. Hii nitaikuza iwe kubwa kama mlango.

Nikaipost, nikauliza: "Hapa ni wapi?"

Eee! Vita.

Mmoja: "Hii Wete, mie nimezaliwa hapo."
Mwengine: "Weye umezaliwa juzi, nyamaza. Hii Mkoani."
Wa tatu akasema si Pemba kabisa, ni Lamu. Kisha akaingia mtu wa Unguja kuuliza kwani Pemba kulikuwa na nyumba za mawe? Hapo ndo pakanuka. Nilifunga comments nikaenda kula.

Katikati ya kelele zile, dada mmoja wa Wawi anaitwa Salma akaniandikia inbox. Anaishi na bibi yake, Bi Mize. Bibi kasimuliwa hiyo picha naye anataka kuiona, ila kwenye simu haoni vizuri. Naweza kuitoa kwenye karatasi?

Salma akanieleza kwa nini. Bi Mize alikuwa mtoto mdogo baba yake alipokwenda Mombasa kutafuta kazi. Akafia huko. Kaburi lake hawalijui. Picha yake hawana, hata moja. Nyumba yao ya Chake ilianguka zamani.

Alichonacho Bi Mize ni maneno ya mama yake tu: baba yako alikuwa mrefu, alikuwa mcheshi, na alikuwa na alama ya kuungua shavu la kulia.

Yaani mtu amefika uzee wake huu na hajui baba yake alikuwa na sura gani. Nilisoma ile meseji mara mbili. Mie baba yangu nagombana naye kila asubuhi kwa ajili ya chaja.

Nikaitoa picha kwenye karatasi kubwa, nikaenda Wawi.

Bi Mize nilimkuta anachambua mchele. Nikampa shikamoo, nikambusu mkono. Akaniuliza mie wa nani, mama yangu wa wapi, bibi yangu wa wapi. Alipomaliza kunichambua mie na mchele ndo akavaa miwani.

Akaitazama. Akaisogeza karibu. Kidole chake kikawa kinatembea: mlango, baraza, kijana. Kilipofika usoni kikatulia. Kijana ana alama shavuni, kama tone lililokauka. Nilikuwa sijaiona kabla.

Salma akashika mdomo.

Kisha Bi Mize akaiweka picha juu ya mkeka.

"Siye."

"Bibi, mbona alama anayo?" Salma akasema.

"Alama iko kushoto. Mama yangu alisema kulia, akinishika hapa." Akajigusa shavu. "Na kwetu, ukitoka mlangoni, bonde liko mkono wa kulia. Hilo nalikumbuka mwenyewe, nilipata kuanguka. Hapa bonde liko kushoto. Siyo kwetu."

Nilitaka kumwambia labda mama yake alikosea, ulimi ukakataa. Mtu ana maneno matatu tu ya baba yake, utamnyang'anya moja?

Naye, kama vile kutupunguzia huzuni, akaichukua tena picha akaicheka.

"Na yuno adabu hana!" (Yuno ndo huyu, wakuu. Ndo sisi Wapemba.) "Kahawa ya watu anaipokea kwa kushoto! Hakufunzwa kwao? Baba yangu asingefanya hivyo ng'o."

Tukacheka. Nikapewa mhogo wa nazi, nikala, nikarudi mjini na picha yangu kwapani. Mhogo ulikuwa mtamu, lakini njiani nilikuwa mnyonge.

Kesho yake niko dukani. Mteja ananipa karatasi za kopi, mkono wake wa kulia umebeba mtoto, basi akanipa kwa kushoto. Akasema, "Samahani dada, mkono wa kushoto."

Nikasema, "Bila samahani." Kisha nikaganda na karatasi zake.

Mtu wa leo, ana mtoto mkononi, bado anaomba radhi. Sasa kijana wa Chake ya zamani, kavaa kanzu, kakaa barazani mbele za watu, apokee kahawa kwa kushoto huku anacheka?

Nikaifungua picha nikazoom. Nikamtazama muuza kahawa. Naye anakitoa kikombe kwa mkono wa kushoto! Dele, lile birika lake la kahawa, kalishika kwa kulia.

Mmoja asiye na adabu, haya, yupo. Wawili kwa mpigo?

Nikamtazama bwana wa nyuma mwenye koti. Mfuko wa kifuani uko upande wa kulia. Nimepiga picha za pasipoti za makoti mpaka nimechoka, mfuko huo hukaa kushoto.

Wakuu, watu wale hawakuwa na kosa. Picha ndiyo iliyogeuka! Filamu ina pande mbili. Ukiiskani kinyume, kulia kunakuwa kushoto. Na ile picha haikuwa na herufi hata moja, si kibao si bango, ya kutushtua.

Nikabonyeza flip.

Kikombe kikahamia mkono wa kulia. Alama ikahamia shavu la kulia. Bonde likahamia kulia kwa anayetoka mlangoni.

Nilipiga kelele, mteja akadhani mashine imenipiga shoti.

Nikamwandikia kaka wa Maskati aitazame ile filamu tena. Akajibu: "Aisee, kweli niliiweka kinyume. Nisamehe dada."

Nikaprint upya, nikarudi Wawi. Safari hii sikueleza kitu. Nilimpa tu.

Bi Mize akatazama kwa muda mrefu. Mchele aliokuwa anauchambua ukawa unaliwa na kuku na hakuna aliyewafukuza.

"Baba," akasema.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mbona mdogo hivi? Wajukuu zangu wakubwa kuliko yeye." Akakipapasa kile kicheko. "Kumbe ulikuwa kijana, baba."

Salma alikuwa ameshaanza kulia. Mie nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Ghafla Bi Mize akashtuka. "Astaghfirullah! Na mie nilimtukana! Nilisema adabu hana!"

Basi tukacheka na machozi pamoja, mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna msiba au harusi.

Tulipotulia nikamweleza kuhusu maonyesho, kwamba picha ya baba yake ndiyo nitakayoiweka mbele. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, usinitilie baba yangu mitandaoni. Mie bintiye mwenyewe nimemsema. Je, hao wasiomjua?"

Nilimwambia, "Haya, Bibi." Jioni ile nikaifuta kwenye page, na kaka wa Maskati akaridhia. Iliniuma, sitowadanganya. Ndo maana uzi huu hauna picha, msiniandikie "picha au uongo".

Kama ni yeye kweli? Wakuu, cheti sina. Nina shavu, bonde, na bibi mmoja aliyeitundika picha juu ya kitanda chake. Kwangu inatosha.

Nilichojifunza: kabla hujasema mtu hana adabu, hakikisha wewe hujamshika kinyume. Na sisi wapenda picha za kale, tukumbuke kila sura ile ni baba wa mtu. Tuwatafute wenyewe kwanza, ndo tupost.

Sasa nanyi nipeni zenu. Nani ana filamu za babu zimelala kabatini? Na nani hana hata picha moja ya mtu wake, kabaki na maneno tu? Niandikieni hayo maneno. Nitayasoma yote, hata ya mtu wa Unguja.

Kuna jambo moja hata Bi Mize sijamwambia.

Ile nyumba ya pichani nilipatafuta ilipokuwa. Ni kiwanja kitupu sasa, vijana hupaki bodaboda, ila kipande cha baraza kimebaki. Ijumaa asubuhi nilipita kabla watu hawajajaa. Nikaokota mifuko na chupa, nikapangusa mchanga kwa ncha ya mtandio. Nikalitaja jina la baba yake Bi Mize, Shaame, nikamsomea Fatiha.

Kisha nikaenda kufungua duka.